Kila Jumamosi nabeti, kila Yom Kippur natubu: toba yangu bado inahesabika?

Ndugu mmoja ameniletea swali, nalifupisha: "Mwalimu shalom. Nimezaliwa kwenye familia ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, upande wa Mbale, sasa hivi niko Nairobi kikazi. Shida yangu ni kubeti. Mechi nyingi ziko Jumamosi na Jumamosi ndiyo Shabbat, siku yetu takatifu ya mapumziko, kwa hiyo nikianguka naanguka mara mbili. Nimeapa kuacha, nimerudi. Yom Kippur, siku yetu ya kufunga na kutubu, nalia kweli, haiishi hata mwezi nimeshaweka mkeka. Safari hii nimekula hela ya ada ya mdogo wangu. Nimesoma kwenye Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, kwamba anayesema nitatenda dhambi halafu nitatubu hapewi nafasi ya kutubu, naona huyo ni mimi. Niendelee kuomba au najidanganya tu? Na rafiki yangu anaoa, kaniomba niwe shahidi wa ketuba yake (hati ya ndoa), nikubali?"

Shalom ndugu yangu. Naanza na hiyo Mishna manake naona ndiyo imekukaba. Iko kwenye kitabu cha Yoma sura ya 8, Mishna ya 9, na ni kweli imeandikwa hivyo, anayesema "nitatenda dhambi na nitatubu, nitatenda dhambi na nitatubu" hawampi nafasi ya kufanya toba, na anayesema nitatenda dhambi alafu Yom Kippur itanifutia, Yom Kippur haimfutii. Sasa irudie polepole uone inamsema nani. Inamsema mtu ambaye kabla hajagusa dhambi ameshaipangia toba yake, yaani toba kwake ni kibali cha kutendea, na kama isingekuwepo labda asingethubutu. Wewe ukiingia Yom Kippur unataka kuacha, ukianguka mwezi unaofuata unaumia. Huyo ni mtu mwingine kabisa. Na hata yule mpangaji hajafungiwa mlango, Maimonides, mwanasheria wetu mkubwa wa zama za kati, kwenye Sheria za Toba sura ya 4 ameorodhesha mambo 24 yanayozuia toba, hili likiwemo, alafu mwisho wa sura anasema wazi kwamba yanazuia kwa maana ya kufanya iwe ngumu, lakini mtu akitubu hata katika hayo toba yake ni toba na ana sehemu katika ulimwengu ujao. Watu wengi wanasoma mwanzo wa sura wanaishia hapo, hawafiki mwisho.

Sheria yetu inatofautisha kwa makini sana wakosaji wa aina mbili, na ningependa uijue hii kwa sababu itakusaidia maisha yako yote. Kuna anayevunja amri kwa hamu, kitu kinamvuta akashindwa, na kuna anayevunja kwa ukaidi, hata kama cha halali kipo mbele yake anachagua cha haramu ili kumchukiza Mungu. Talmud, mijadala ya wahenga juu ya Mishna, kwenye kitabu cha Chullin inazungumzia mchinjaji ambaye tamaa yake inamfanya ale nyama isiyochinjwa vizuri. Rava, mmoja wa wahenga hao, anasema unamkagulia kisu, ukikuta hakina kasoro unampa, na akichinja nyama inaliwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa hamu hawezi kuacha cha halali kilicho mkononi mwake akaenda kutafuta cha haramu, hana ugomvi na amri yenyewe. Ona jinsi sheria inavyomtazama: inajua udhaifu wake uko wapi, inamwekea mazingira, alafu inamwamini kwa yale ambayo tamaa yake haigusi. Wewe ni wa aina hii. Usijiweke kwenye kundi la wakaidi kwa sababu tu unajionea aibu.

Kitu kingine, angalia sala yenyewe. Kwenye Amida, sala yetu kuu ya kusimama, siku za kawaida tunasema baraka ya sita, utusamehe Baba yetu maana tumekosa, asubuhi, mchana na jioni. Mara 3 kwa siku. Waliopanga sala hiyo walijua fika kwamba mtu aliyeomba msamaha asubuhi atakuwa na cha kuomba mchana. Kwa hiyo unaponiuliza uendelee kuomba au ni unafiki, jibu ni uendelee, tena kwa sauti ya kawaida tu kama wengine wote sinagogini, wale nao wanasema maneno hayohayo na wanayahitaji.

Cha kuogopa kipo, sitakuficha. Rav Huna anasema mtu akitenda kosa akalirudia, linakuwa kwake kama limeruhusiwa. Hiyo ndiyo hatari ya kurudia, ganzi, siku utakapoweka mkeka Jumamosi mchana na moyo usishtuke kabisa. Kwa barua yako hujafika huko, yale maumivu unayoyasikia ukifungua simu ni uhai bado upo. Ila usiyafanye yakae kutwa nzima. Rabi Shneur Zalman wa Liadi, ambaye kitabu chake cha Tanya kilichapwa mwaka 1796, aliandika kwa ajili ya watu wanaopigana vita hivi kila siku bila kumaliza, na ushauri wake ni kwamba majuto uyapangie muda maalum, nje ya muda huo huzuni ukiisikia ujue nayo imetumwa na yetzer hara, ule msukumo wa ubaya ulio ndani ya kila mtu, ili ikuchoshe uanguke tena. Nimeona watu wengi wanaodhani kujichukia ndiyo toba, na hao ndio wanaorudi haraka zaidi kwa sababu mtu aliyechoka na nafsi yake anatafuta pa kujisahaulisha, na kwako pa kujisahaulisha ni palepale kwenye odi.

Sasa tuje kwenye kamari yenyewe, manake hapa ndipo mabwana wetu walikuwa wa vitendo kuliko unavyodhani. Mishna Sanhedrin 3:3 inataja watu wasiokubalika kutoa ushahidi: mcheza dadu, mkopeshaji wa riba, wanaoshindanisha njiwa, na wafanya biashara ya mazao ya mwaka wa saba, ule wa kupumzisha ardhi. Talmud inauliza mcheza dadu kakosa nini? Rami bar Chama anasema ni sawa na wizi, kwa sababu aliyeliwa hakutoa kwa moyo, aliweka hela akitegemea kushinda. Rav Sheshet anasema tatizo lake ni kwamba hashughuliki na kuujenga ulimwengu, haongezi kitu. Waandishi wa sheria waliofuata walitofautiana kuhusu uzito wake, upande wa Maimonides ukikaza zaidi na desturi za Ashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, zikilegeza zaidi, siingii huko, kwa sababu kubeti kwako kumeshakula ada ya mtoto na Shabbat, hukumu yake haina mjadala.

Lakini swali linalofuata kwenye Talmud ndilo lako hasa: huyu mcheza dadu toba yake inajulikana lini? Wangeweza kusema akilia, akifunga, akijuta. Hawakusema. Walisema mpaka avunje vile vipande vyake vya kuchezea, na aache kabisa kiasi kwamba hata bure hachezi. Mkopeshaji achane hati zake za madeni. Wa njiwa avunje vifaa vyake, na hata nyikani asirushe. Umeona? Toba ya dhambi inayojirudia inaanzia kwenye kifaa, na inaenda mpaka ule utamu wenyewe, ndio maana ya hata bure, yaani hata ule ubashiri wa kirafiki wa bila hela kwenye grupu la WhatsApp la ofisini, kwako wewe huo ni dadu.

Kwa hiyo naomba nikuulize, umeapa mara ngapi sijui, ila je umewahi kuvunja dadu? Programu bado iko kwenye simu? Akaunti ipo hai? Meseji za kukupa bonasi zinaingia bado? Kama ndiyo, basi ulikuwa unapigana mikono mitupu. Fanya hivi ukiwa na akili timamu, siku ya Jumapili au Jumatatu, usisubiri Ijumaa: waandikie kampuni wakufungie akaunti moja kwa moja, uzuie namba zao, na mshahara ukiingia sehemu kubwa itoke siku hiyohiyo kwenda mahali ambapo huwezi kuitoa peke yako. Wahenga wa Talmud wana maneno wanayomwambia mnadhiri aliyejikataza divai, zunguka, zunguka, shamba la mizabibu usilikaribie. Kwa kukaribia tu hajavunja nadhiri yake lakini wanamzungusha.

Na tafadhali usijipime. Kuna vijana wakisoma Maimonides kwamba toba kamili ni pale mtu anapokutana na kosa lilelile, nafasi ipo, nguvu anazo, na akaacha kwa sababu ametubu, basi wanaenda kujitafutia hiyo nafasi. Hapana. Talmud inasema kabisa mtu asijilete mwenyewe kwenye jaribu, na wanamtaja mfalme Daudi kwamba aliomba ajaribiwe akashindwa, na kila asubuhi tunaomba tusiletwe kwenye jaribu. Ile toba kamili ikija itakuja yenyewe, utakuwa umekaa mahali mtu atakuonyesha mkeka wake na wewe utaangalia pembeni.

Shabbat yenyewe inakupa silaha ambayo huitumii. Simu siku ya Shabbat ni mukse, kitu kisichoguswa. Hapo Nairobi jua halihamihami sana, mwaka mzima linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, mishumaa desturi ni dakika 18 kabla, maana yake una saa inayojulikana ya kuzima simu kila Ijumaa bila kubahatisha. Izime na usilale nayo chumba kimoja, mpe jirani, mpe mwenzako, ifungie ofisini. Usingoje Jumamosi mchana ndiyo uanze kushindana nayo, saa hizo mechi za Uingereza ziko hewani, uko peke yako, umeshiba, umeamka usingizini, hakuna saa mbaya kwako kama hiyo. Ile saa ijaze. Mwanafunzi wa wahenga aliambiwa huyu mbaya, yetzer hara, akikukuta mburute mpaka nyumba ya masomo, na wewe tafuta mtu mmoja wa kusoma naye parasha, fungu la Torah la wiki, Jumamosi mchana hadi nyota zitoke, hata kama ni kusoma kwa kusuasua.

Resh Lakish alipanga ngazi za kupambana: kwanza mchochee msukumo mwema dhidi ya mbaya, ukishinda sawa, usiposhinda soma Torah, usiposhinda soma Shema, lile tamko kwamba Mungu ni mmoja, usiposhinda kumbuka siku ya kufa. Mimi kinachonigusa ni kwamba alikubali mapema kabisa kwamba ngazi ya kwanza inaweza isitoshe, na ya pili isitoshe. Huyu ni mtu ambaye kabla ya kuwa mwanachuoni Talmud inamhusisha na ujambazi, alijua anachokisema. Na ndiye huyohuyo aliyefundisha kwamba toba ikifanywa kwa upendo, makosa yaliyofanywa kwa makusudi yanageuka kuwa kama sifa njema.

Elimu peke yake lakini haitakutoa, nakuambia hili kwa uchungu. Huko Venice kulikuwa na rabi Leon Modena, alizaliwa mwaka 1571 akafariki 1648, msomi mkubwa, mhubiri aliyesikilizwa hata na Wakristo. Akiwa kijana mdogo sana aliandika mazungumzo yanayopima ubaya wa kamari. Kisha akacheza kamari maisha yake yote, anaruka anaacha, anarudi, anapoteza, na aliandika mwenyewe habari zake bila kuficha. Kila andiko nililokutajia alikuwa analijua kuliko mimi. Kama kwako imefika hatua kwamba usingizi unakatika, unadanganya watu, unakopa ili urudishe ulizoliwa, basi nenda kamwone mtaalamu wa ushauri wa uraibu, hilo halipunguzi imani yako hata kidogo, kutafuta matibabu ni wajibu.

Na mwambie mtu. Najua utaniuliza, si tunafundishwa kutotangaza dhambi? Ni kweli, makosa kati yako na Mungu Maimonides anasema usiyaanike, ni ujeuri kuyafunua, na hatuna utaratibu wa kwenda kuungama kwa rabi ili akusamehe, vidui, yaani maungamo, unaisema mwenyewe mbele za Mungu. Lakini kupiga kelele za kuomba msaada ni jambo lingine. Kwenye Kiddushin, kitabu kingine cha Talmud, kuna habari za Rav Amram Mchamungu. Waliletwa Nehardea, mji wa Babeli, wanawake waliokombolewa utekani, wakapewa malazi ghorofani kwake, na ngazi ikaondolewa ili mtu asipande. Usiku mmoja wao alipita karibu na tundu la juu, mwanga ukaanguka chini, Rav Amram akainyanyua ile ngazi ambayo watu 10 hawakuweza kuinyanyua, akaiweka peke yake, akaanza kupanda. Alipofika katikati akakaza miguu yake akapiga ukelele: moto nyumbani kwa Amram! Wahenga wakaja mbio, walipoelewa wakamwambia umetuaibisha, akawajibu afadhali muaibike kwa ajili ya Amram katika ulimwengu huu kuliko muaibike kwa ajili yake katika ulimwengu ujao. Ngazi ilikuwa imeshaondolewa, uzio ulikuwepo, na mchamungu akauvuka. Kilichomwokoa ni kwamba alifika nusu akaita watu. Wewe tafuta mtu mmoja wa kumpigia ukelele, awe anajua, siku za Jumatano Alhamisi unapoanza kuangalia ratiba za mechi umpigie simu umwambie moto.

Kuhusu viapo. Acha kuapa, tafadhali sana. Kila ulipoapa ukavunja uliongeza kosa la pili juu ya la kwanza, Mhubiri anasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuweka usiitimize. Na usidhani Kol Nidre, lile tamko la kufuta nadhiri usiku wa Yom Kippur, inavifuta hivyo, wala usijifungue mwenyewe. Kiapo kinafunguliwa mbele ya watu watatu au mtaalamu, wanakusikiliza, wanatafuta sababu ya kisheria, na kwa kiapo cha kuacha kamari hasa wapo marabi wakubwa wa zama za kati, kama Rabi Isaac ben Sheshet aliyetoka Hispania akaishia Algiers, waliokuwa wagumu kukifungua kwa sababu unaomba ufunguliwe kwenda kwenye jambo baya. Kwa hiyo mweleze rabi wako maneno uliyotamka vilevile, yeye ndiye ataamua ulifungwa na nini. Kuanzia sasa sema "bli neder", bila nadhiri, na jipe muda mfupi unaoweza kuuona mwisho wake: Shabbat hii. Ikiisha, sema ijayo.

Ada ya mdogo wako ni suala la peke yake, na hapa siwezi kukupoza. Mishna ileile ya Yoma inasema makosa kati ya mtu na mwenzake Yom Kippur haiyafuti mpaka umridhishe mwenzako. Machozi yako yote ya kule sinagogini hayajagusa hilo deni. Rudisha, kama huna zote panga naye kiasi na tarehe, na umwambie zilikwenda wapi, kisha umwombe msamaha kwa mdomo wako, akikataa urudi tena mpaka mara 3 kwa namna tofauti. Hili nakushauri ulianze kabla ya yote, tena wiki hii.

Na ukianguka katikati ya Shabbat? Utasikia sauti inasema basi siku imeshaharibika, endelea tu, utatubu jioni. Wahenga waliuliza, aliyekula vitunguu saumu akanuka mdomo, arudi kula vingine azidi kunuka? Ukiwa umeshaifungua simu saa tisa, ile ya saa kumi bado ni kosa jipya na bado unaweza kuliacha. Iache hapohapo, kanawe uso, sali Mincha, sala yako ya mchana. Jamii yenu imeshika Shabbat tangu mwanzilishi wenu Semei Kakungulu mwaka 1919, na wazee wenu waliishika kwa kujificha Idi Amin alipoipiga marufuku dini, hata saa moja iliyobaki ya Shabbat kwao ilikuwa kitu.

Harusi sasa. Kwenye minyan, wale watu 10 wa kukamilisha sala, unahesabika, sinagogini usikose. Lakini ketuba ni tofauti, shahidi wa ndoa lazima asiwe na doa kisheria, na ingawa Maimonides anamkatalia ushahidi mcheza dadu ambaye hana kazi nyingine, na wewe kazi unayo, suala la Shabbat kuivunja kwa kujua bado lipo na silo la kuchezea kwenye ndoa ya mtu. Mwambie rafiki yako kwa upole atafute mwingine wa kusaini, huna haja ya kumweleza kwa nini, mwambie wewe utasimamia chakula au usafiri wa wageni kutoka Mbale. Akisisitiza sana, mwende wote wawili kwa rabi anayefungisha, azungumze nawe faragha, uamuzi wake mfuate.